Gongo la Kriketi, Kikombe cha Chai na Kanisa la Wesley

Katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, ziko klabu za kriketi ambazo majina yake humshangaza mgeni. Penye mji wa Batley iko klabu iitwayo Crossbank Methodists, yaani Wamethodisti wa Crossbank. Na katika kijiji cha Almondbury, kando ya mji wa Huddersfield, klabu moja imechukua jina la Almondbury Wesleyans, yaani wafuasi wa Wesley wa Almondbury, hata katika karne hii ya 21. Watu hao hawakutani uwanjani kwa kuhubiri wala kwa kuimba. Hukutana ili kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Jina la kanisa limebaki juu ya klabu kama jina la babu libakivyo juu ya mjukuu ambaye hakupata kumwona.

Msomaji wa Kericho au wa Bomet aweza kusema kwamba habari hizi ni za mbali, wala hazimhusu. Lakini katika vilima vyake ziko jamaa zake zote. Lipo kanisa lenye mafundisho ya Wesley, nalo lina nguvu sana huko Bomet. Iko chai, ambayo ndiyo iliyowakutanisha watu wa makanisa yale ya Uingereza siku ya mchezo. Na kriketi yenyewe iliingia Kenya zamani, pamoja na maofisa na walowezi. Vitu hivi vitatu vilivyokuwa nyumba moja kule Yorkshire vilifika Afrika ya Mashariki kwa njia mbalimbali, kila kimoja na mwenyeji wake, na katika nchi ya chai havikukutana. Jinsi ilivyokuwa hivyo ndiyo maelezo ya makala haya.

Kwanza yafaa kueleza mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi huusikia kwa jina tu. Kila upande una watu kumi na mmoja. Katikati ya uwanja hutengenezwa ukanda wa majani mafupi sana, wenye urefu wa yadi 22, na kila mwisho wa ukanda husimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji hutupa mpira mgumu uliofunikwa kwa ngozi, naye hutaka kuviangusha vijiti hivyo. Mpigaji huvilinda kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana ncha za ukanda, na kila mkimbio huhesabiwa. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji hutoka na mwingine huingia. Wakitoka kumi, zamu ya upande ule imekwisha. Mchezo wa kijijini huchukua mchana mzima, na ile mikubwa ya mataifa huchukua hata siku tano. Basi mchezo huu hutaka uwanja ulio sawa na wenye kutunzwa, hutaka nafasi ya saa nyingi, na tena hutaka watu wanaoweza kukaa pamoja kutwa nzima pasipo kugombana. Watu wa namna hiyo hawapatikani bila chakula.

Kanisa lililokataza michezo

John Wesley, aliyezaliwa mwaka 1703 na kufa mwaka 1791, hakuwa rafiki wa michezo. Mwaka 1748 alifungua shule mahali paitwapo Kingswood, karibu na mji wa Bristol, na katika sheria za shule ile watoto hawakupewa nafasi ya kucheza. Waliamka alfajiri, wakasoma, wakafanya kazi, wakasali. Wesley mwenyewe alisafiri kwa farasi miaka mingi akihubiri mashambani na penye milango ya machimbo, na watu aliowapata walikuwa hasa wachimbaji wa makaa, wafumaji na vibarua. Michezo ya watu hao siku zile haikuwa ya kusifiwa: kupiganisha majogoo, kumtesa fahali kwa mbwa, kupigana ngumi kwa fedha, na pombe juu ya yote. Kriketi nayo ilichezwa kwa kamari kubwa, na mara nyingi mwenye kiwanja alikuwa ni mwenye kilabu cha pombe. Mtu aliyeokoka aliyaacha hayo yote pamoja, wala hakusumbuka kuchagua lililo baya zaidi.

Jinsi kanisa lililokataza michezo lilivyopata kuwa mama wa klabu za michezo ni jambo la kuangalia sana, maana halikutokea kwa siku moja, wala halikutokea kwa sababu viongozi walibadili mafundisho. Lilitokea kwa sababu ya siku ya Jumamosi.

Vinu vya kufuma nguo vya kaskazini viliwafanyisha watu kazi siku sita kwa saa nyingi mno. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba katika vinu hivyo wanawake na vijana wasifanyishwe kazi Jumamosi baada ya saa nane za mchana. Kinu hakiwezi kwenda kwa wanaume peke yao, kwa hiyo polepole nao walipata nafasi hiyo. Hivyo maelfu ya watu walijikuta na mchana mmoja katika juma ambao haukuwa wa tajiri wala haukuwa wa Mungu. Kilabu cha pombe kiliutaka mchana ule kwa furaha, maana ulikuja mara baada ya mshahara.

Makanisa yaliiona hatari hiyo. Tangu mwaka 1832 katika mji wa Preston watu saba, mmoja wao akiitwa Joseph Livesey, walikuwa wametia sahihi ahadi ya kutokunywa kileo cho chote. Mwanzoni wakubwa wa Wawesley hawakupendezwa na jambo hilo, kwa kuwa waliogopa mafarakano. Lakini Wamethodisti wa chama kilichojitenga, walioitwa Primitive Methodist, ambao wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono, walilipokea upesi, na baadaye wengine wakafuata. Mtu aliyeacha bia sharti apewe kitu kingine cha kushika mkononi anapozungumza na wenzake. Wakampa kikombe cha chai. Karamu za chai zikawa desturi ya makanisa. Meza ndefu zilitandikwa kwa mikate na maandazi, wanawake wakasimamia mabirika, kila mtu akanunua tikiti, na fedha zilizopatikana zikalipa deni la jengo au mshahara wa mwalimu.

Sasa ilibaki kuwapata vijana. Shule ya Jumapili iliwashika watoto vizuri, walakini walipofika umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita walitoroka. Ndipo katika miaka ya 1860 na 1870 walimu wa shule za Jumapili, ambao wengi wao walikuwa vijana wenyewe, walipoanza kuunda timu za kriketi. Kamari iliondolewa na pombe haikuruhusiwa uwanjani. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, kamwe si Jumapili. Mara nyingi ilitakiwa mchezaji awe mwenye kuhudhuria ibada au darasa, na tusishangae kusikia kwamba mrushaji hodari aliweza kuwa Mmethodisti kwa ghafula mwezi wa Mei, majira ya mchezo yanapoanza, na kusahau njia ya kanisani mwezi wa Septemba.

Uwanja wenyewe kwa kawaida ulikuwa malisho ya mkulima aliyekuwa mwumini wa kanisa lile. Ng'ombe waliondolewa Ijumaa, samadi ikazolewa, na ukanda wa katikati ukakatwa kwa mundu na kusawazishwa kwa gogo zito la kuvingirisha. Kila mtu alitoa senti zake. Gongo moja liliwatosha watu wengi. Na mchezo ulipofika katikati, wachezaji wa pande zote mbili walisimama na kwenda kunywa chai iliyotengenezwa na mama zao na dada zao, kwa mabirika yale yale ya kanisa. Desturi hiyo imedumu. Hata katika michezo mikubwa ya mataifa, saa ya chai imeandikwa katika sheria za kriketi, na sijambo la mchezo mwingine wo wote mkubwa duniani kusimama kwa ajili ya kikombe cha chai.

Wale wanaofuata kandanda ya Uingereza kwa redio na televisheni, na katika miji ya Kericho na Bomet ni wengi kupita kiasi, watafurahi kujua kwamba klabu mbili wanazozitaja kila juma zilizaliwa humo. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa timu ya kriketi ya kanisa la Wesley la Villa Cross, Birmingham, waliokuwa wakitafuta mchezo wa kuwaweka pamoja wakati wa baridi. Katika mchezo wao wa kwanza walishindana na watu wa raga wa kanisa la Aston Brook St Mary's; nusu ya kwanza wakacheza raga na nusu ya pili kandanda, nao wakashinda kwa goli moja. Everton nayo ilitoka katika kanisa la Kimethodisti la St Domingo, Liverpool. Vijana wake walicheza kriketi kwanza, wakaanza kandanda mwaka 1878, na mwaka 1879 wakalibadili jina. Mwaka 1892 ugomvi juu ya uwanja wa Everton ukazaa klabu ya Liverpool. Hivyo ushindani unaowatenga majirani wawili katika hoteli ya chai Litein au Sotik ulianzia, kwa njia ya mbali, kwa mwalimu wa shule ya Jumapili aliyetaka vijana wake wasiende kilabuni.

Chai yatafuta ardhi

Watu walioacha bia walikuwa wengi, na chai waliyokunywa ilipaswa kutoka mahali. Zamani ilitoka China. Tangu mwaka 1839 ilianza kuletwa London kutoka Assam, katika Bara Hindi, na mwaka 1867 Mskochi James Taylor alianza shamba la chai Loolecondera, katika vilima vya Kandy, kisiwani Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1869 Arthur Brooke alifungua duka lake la chai mjini Manchester, katikati kabisa ya nchi ya vinu na makanisa madogo, akaliita Brooke Bond, ingawa hapakuwa na mtu aliyeitwa Bond. Kenya ilipata miche yake ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru.

Kericho ilikuja baadaye, na kwa njia isiyo nzuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya kikoloni ilitwaa ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis na kuwapa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, na mpango wote ukavunjika baada ya miaka michache. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi yao. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay ziliingia Kericho, na vilima vikavikwa majani ya chai. Malalamiko juu ya ardhi hiyo hayajakwisha hata leo.

Pamoja na makampuni walikuja Wazungu wa kusimamia mashamba, nao walikuwa na klabu yao Kericho, yenye viwanja vyake na baraza yake. Mlango wa klabu kama hiyo ulifunguliwa kwa rangi ya mtu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na sinia au fagio. Ndivyo ilivyokuwa katika kriketi ya Kenya nzima. Tangu mwaka 1910 yalikuwako mashindano ya maofisa wa Serikali na walowezi. Tangu mwaka 1933 yalikuwako mashindano ya Wazungu na Wahindi. Katika mipango yote hiyo Mwafrika hakuwa na upande. Kule Yorkshire kriketi ilikuwa mchezo wa mfumaji na mchimba makaa. Ilipofika Kenya ilivaa nguo nyeupe na kukaa barazani kama bwana. Gongo ni lile lile, bali nyumba iliyolileta siyo ile.

Wesley afika Bomet kwa njia ya Marekani

Huenda mtu akauliza mbona Wamethodisti wenyewe hawakuuleta mchezo wao. Walifika Kenya mapema kabisa. Misheni yao ya Ribe, pwani, ilianza mwaka 1862, na mwaka 1912 waliingia Meru na kukaa Kaaga. Lakini misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimepatana kugawana nchi ili zisigombee watu, na fungu la Wamethodisti wa Kiingereza likawa pwani na Meru. Kericho na Bomet hazikuwa zao.

Nchi ya Wakipsigis iliangukia mikononi mwa Wamarekani. Willis Hotchkiss, Mkweka kutoka Marekani, alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye alihamia kwa Wakipsigis na kuanzisha Misheni ya Kazi za Mikono ya Lumbwa. Katika miaka ya 1930 kazi aliyoianza ilichukuliwa na chama kiitwacho World Gospel Mission, ambacho kilikaa Tenwek, karibu na mji wa Bomet, mwaka 1935. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1910 kutoka kwa umoja wa Wamarekani waliohubiri utakatifu, na umoja huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1867 na wahubiri wa Kimethodisti huko Vineland, New Jersey. Kwa hiyo Kanisa la Africa Gospel, ambalo makanisa yake yametapakaa kutoka Kericho hata Bomet, ni mjukuu halisi wa John Wesley. Mafundisho yake juu ya kuokoka na kutakaswa ni ya Wesley. Katazo lake la pombe na tumbaku ni lile lile lililowatoa wafumaji wa Yorkshire vilabuni.

Ila mjukuu huyu alilelewa Marekani, na Wamarekani hawachezi kriketi. Mmisheni aliyefika Tenwek alileta Biblia, dawa na msumeno. Zahanati yake ya mwanzo ilikua ikawa hospitali inayojulikana Afrika ya Mashariki nzima. Gongo hakuwa nalo, na pengine hakupata kuliona. Hivyo imani ya kanisa la Crossbank ilifika Bomet bila mchezo wake, na mchezo wake ulifika Kericho bila imani yake, na kati ya mmoja na mwingine palikuwa na safari fupi tu, na palikuwa na ukuta wa rangi.

Hata kama ukuta huo usingalikuwapo, nchi yenyewe ingaliufanyia mchezo ukaidi. Kericho hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na desturi ya mvua hiyo ni kunyesha baada ya adhuhuri, saa zile zile ambazo kriketi huchezwa. Tena vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa mahali duniani paangukapo mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mti wa chai hupenda hali hiyo, isipokuwa hayo mawe. Uwanja wa kriketi huichukia. Ardhi tambarare ni chache, na ile iliyopo mwenye shamba huiona kuwa mahali pa kiwanda au pa nyumba.

Na iko habari ya nafasi, ambayo labda ndiyo kubwa kuliko zote. Jani la chai halingoji. Kila kichaka hurudiwa baada ya siku saba hadi kumi na nne, na mchumaji hulipwa kwa uzito wa jani alilolichuma. Jumamosi saa nane ya mchana, saa ile iliyomfungua mfumaji wa Yorkshire, haikuwa na maana hiyo kwa mchumaji mwenye kikapu mgongoni. Saa moja zaidi shambani ilikuwa fedha zaidi. Jumapili ilikuwa ya ibada, na kanisa la Wesley, lile la Yorkshire na hili la Bomet, halikuikubali Jumapili kuwa siku ya michezo. Mtu mwenye saa mbili za jioni hawezi kucheza kriketi. Aweza kucheza kandanda, na aweza kukimbia.

Ndivyo walivyofanya. Kandanda ilijaza viwanja vya kambi za wafanyakazi, kwa kuwa hutaka mpira mmoja tu na dakika 90. Riadha haikutaka hata mpira. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa askari jeshi, alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya Tokyo tarehe 16 Oktoba 1964 na kushika nafasi ya tatu. Medali hiyo ya shaba ilikuwa ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki yo yote. Miaka minne baadaye, huko Mexico, alipata fedha katika mbio hizo hizo, akimfuata Ralph Doubell wa Australia kwa nyayo chache. Kiprugut alifariki mwaka 2022. Katika nchi yake ya chai, mtoto akiambiwa habari za mchezo huwaza mbio kwanza.

Mahali gongo lilipopata nyumba

Lakini isidhaniwe kwamba kriketi ilikosa kabisa nyumba ya ibada nchini Kenya. Iliipata, ila haikuwa ya Kimethodisti. Wahindi waliojenga reli na kufungua maduka waliupenda mchezo huo, na kwa kuwa klabu za Wazungu ziliwafungia mlango, kila jamaa yao iliunda klabu yake pembeni ya msikiti wake, hekalu lake au jumuiya yake. Waismaili wakawa na Aga Khan, Waithnaashari wakawa na Jaffery, Waislamu wengine wakawa na Sir Ali, Wasikh wakawa na Sikh Union. Na baadaye waumini wa Swaminarayan wakawa na Swamibapa. Mtu wa Crossbank angaliziona klabu hizo, na wanawake wakipika jikoni nyuma ya baraza, wazee wakihesabu mikimbio na watoto wakingoja kuokota mpira, angalijiona yuko kwao. Kitu kilichobadilika ni sambusa mahali pa andazi.

Ni penye viwanja hivyo Waafrika walipoingia. Vijana wa Nairobi waliokaa jirani na viwanja waliokota mipira, wakaazima magongo yaliyopasuka, na wakawa mabingwa. Jamaa chache tu, za akina Tikolo, Odumbe, Suji na Obuya, zilitoa sehemu kubwa ya timu ya taifa. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune katika India, Kenya chini ya Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Dunia nzima ilishangaa. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikashindwa na India mjini Durban.

Baada ya hapo ilishuka, na mwaka 2014 ilipoteza haki ya kuhesabiwa miongoni mwa nchi za michezo rasmi ya siku moja. Ugomvi wa viongozi na ukosefu wa fedha vilikuwa na sehemu yao. Lakini jambo lililokuwa dhahiri tangu mwanzo ni kwamba mchezo ulisimama juu ya klabu chache za Nairobi, pamoja na Mombasa na miji michache mingine. Vijijini haukuwa na uwanja, wala shule, wala kanisa la kuuweka. Mkimbiaji mmoja akistaafu, vilima vya Bonde la Ufa vina mia wa kushika nafasi yake. Tikolo alipostaafu, nyuma yake palikuwa patupu.

Iko nchi nyingine ya chai ambako mambo yalikwenda kinyume cha hayo, nayo ni Sri Lanka. Huko pia walikuwako Wazungu wa mashamba na klabu zao za vilimani. Lakini Wamethodisti wa Kiingereza nao walikuwako, na walijenga shule. Wesley College ilifunguliwa Colombo mwaka 1874, mwaka ule ule wa Aston Villa, na Richmond College ikafunguliwa Galle mwaka 1876. Shule hizo, pamoja na za Kianglikana, za Serikali na za Kibudha, ziliwatia watoto wa nchi katika kriketi vizazi vitatu kabla ya uhuru. Mashindano ya Richmond na shule ya Kibudha ya Mahinda yalianza mwaka 1905, na wazee wa Galle huyazungumza kama wazee wa Bomet wanavyozungumza ng'ombe. Mchezo haukuwa tena mali ya mwenye shamba. Ulikuwa wa mtoto wa karani, wa mvuvi na wa mwalimu.

Mavuno yake Wakenya waliyaona kwa macho yao. Tarehe 6 Machi 1996, mjini Kandy, si mbali na shamba lile la James Taylor, juma moja baada ya ushindi wa Pune, Sri Lanka iliipiga Kenya mikimbio 398, ambayo hapana timu yo yote iliyokuwa imeipata kabla yake katika mchezo wa siku moja wa mataifa. Steve Tikolo alijibu kwa mikimbio 96 peke yake, akakosa mia kwa minne tu. Siku kumi na moja baadaye Sri Lanka ikachukua Kombe la Dunia huko Lahore. Kenya ilijilipizia kisasi Nairobi tarehe 24 Februari 2003, Collins Obuya alipowatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24.

Mwaka 2023 mashamba ya chai ya James Finlay huko Kericho yalinunuliwa na kampuni ya Browns, ambayo makao yake makuu ni Colombo. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchumia chai mashambani Kericho, kwa kuwa mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mahali mikono inapoondoka kambi hubaki tupu, na kiwanja cha kambi huota majani. Wenye mashamba sasa ni watu wa nchi ambayo mtoto wa kijijini hupewa gongo kabla ya kujua kusoma. Hata hivyo mvua ya Kericho ingali inanyesha baada ya adhuhuri, na viwanja vilivyobaki katika kambi bado vina milingoti ya magoli pande mbili.